Siku Saba za Programu ya Wataalamu

Jumanne, 4 Machi

Kazi kubwa! Mwalimu mkuu kaniletea picha ya walimu kumi na mmoja wa shule yake. Wa kumi na mbili, mwalimu wa hesabu, hakuwepo siku hiyo. Kaleta picha yake ndogo, nimuingize, asionekane kabandikwa. Kasoro moja: kazi hiyo hiyo kampa Bwana Tabasamu, mwenye studio ya ng'ambo ya barabara. Atakayeifanya vizuri hadi Jumanne ijayo, saa nne, atapiga picha za shule mwaka mzima.

Mke wangu ni fundi cherehani. Kasema nikiikosa hii, chumba changu cha studio kinakuwa chake. Tayari kakipima kwa futi yake.

Nimechungulia kwa Bwana Tabasamu. Ana programu ya kurekebisha picha, ya bei poa, yenye kitufe kimoja cha Rembesha. Nimecheka hadi mbavu zikauma. Mimi nimepakua ya wataalamu. Siku saba bure!

Alhamisi, 6 Machi

Vitufe mia na zaidi. Cha kukata sijakiona. Nimetazama masomo manne mtandaoni na sasa najua kubadilisha rangi ya anga. Picha ilipigwa ndani.

Mke wangu kauliza kwa upole kwa nini nisichukue ile ya bei poa nikamaliza kazi. Nikamwambia mtaalamu hajishushi hivyo. Kaingiza kiti chake studioni, eti cha kupumzikia.

Jumamosi, 8 Machi

Mwalimu wa hesabu kaingia! Kichwa chake kimezidi cha mwalimu mkuu mara mbili, lakini kafika.

Jumatatu, 10 Machi

Kichwa kimekubali. Hata kivuli kipo. Mama yake mzazi asingegundua. Nimehifadhi, nimezima, nimemwambia mke wangu aondoe kiti chake. Hajakiondoa.

Mchana Bwana Tabasamu kafunga studio, kaondoka na kamera begani. Kakata tamaa, maskini. Nimemwonea huruma.

Jumanne, 11 Machi

Saa tatu programu imeniambia siku zangu zimekwisha, nilipie. Faili niliyohifadhi haifunguki kwingine kokote. Jasho! Nikapakua ya bei poa, nikambandika mwalimu wa hesabu, nikabonyeza Rembesha. Mara nne, kwa usalama.

Walimu kumi na wawili, sura moja. Naibu wa mwalimu mkuu, mwenye upara, kaota nywele. Mwalimu mkuu aliitazama weee, kisha akaniuliza yeye ni yupi. Nikaonyesha wa katikati. Alikuwa mwalimu wa hesabu.

Picha ya Bwana Tabasamu ilikuwa safi kabisa. Nikamuuliza katumia programu gani. Akasema hakutumia yoyote. Jana alikwenda shuleni, akamkuta mwalimu wa hesabu yupo, akawapanga wote upya, akawapiga picha.

Huo ni udanganyifu.

Jumatano, 12 Machi

Cherehani imeingia studioni. Mimi na kompyuta tuko kwenye korido, juu ya kreti la soda. Nimeumia, sifichi.

Lakini yule naibu kaja kimyakimya. Anataka picha yake, yenye zile nywele, kubwa ya ukutani. Ya bei poa ingeitoa kwa dakika moja. Ila kazi nzito hivi haipewi kitufe kimoja. Nimejiandikisha upya kwa wataalamu, kwa barua pepe ya mke wangu.

Siku saba bure. Zinatosha kabisa.