Laptop Nyembamba ya Fremu

Kinyozi ndiye aliyeanzisha. Wateja hawakuwepo, basi alikuwa anatusomea habari kwenye simu, sisi tumekaa kwenye benchi la mlangoni pake, kila mtu na kikombe chake cha kahawa.

"Wametoa laptop mpya," akasema. "Wanadai ni nyembamba hadi inapita chini ya mlango."

"Na kwa nini niipitishe chini ya mlango?" akauliza Breki, dereva mstaafu wa malori, ambaye haamini kitu chochote kinachobebeka kwa mkono mmoja. "Mlango si upo? Ufungue, upite."

"Ni urembo, mzee wangu."

"Urembo tundika ukutani."

Hapo hapo akatokea Fremu, mpiga picha wetu wa harusi, shati limenyooka, kamera shingoni, bahasha ya kaki kwapani. Akaketi, akachomoa laptop yenyewe. Mimi nilijifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuigusa.

"Ile ya zamani niliyokuuzia ilikuwa inanivunja bega," akamwambia Breki. "Hii nikiingia nayo kwa mteja, bei yangu inapanda kabla sijafungua mdomo."

"Ile wajukuu wangu wanaangalizia katuni. Inaanguka, inaamka, inaendelea."

Fremu akatoa kadi ya kamera. Mama wa bibi harusi wa juzi alikuwa njiani kuja kuona picha. Akaigeuza laptop upande huu, akaigeuza upande ule.

"Tundu la kadi liko wapi?" akauliza Kinyozi.

"Wameliondoa. Ndiyo maana imekuwa nyembamba."

"Hata mimi nikiondolewa utumbo nitakuwa mwembamba," akasema Breki.

"Kuna kifaa cha kuunganishia."

"Kiko wapi?"

"Kwenye begi."

"Begi liko wapi?"

Fremu akashusha sauti. "Nyumbani. Ukibeba laptop kama hii halafu una begi mgongoni, unaharibu mwonekano."

Mama akafika kabla hatujamaliza kucheka, kilemba hadi mbinguni. "Mwanangu, picha. Wakwe zangu wananipigia simu tangu asubuhi, nimeshawaambia nimeziona na ni nzuri."

Jasho likamtoka Fremu. Akamsogelea Breki, akamnong'oneza: "Baba, niazime ile."

Breki akainuka. Akavuka barabara hadi kwake, akarudi ameikumbatia kama mfuko wa saruji. Kifuniko kimefungwa kwa utepe wa gundi na herufi kadhaa hazipo. Kadi ikaingia, picha zikafunguka. Mama akacheka, akawasema wakwe mmoja mmoja, kisha akafika kwenye ile ambayo bintiye amemlalia begani, akaanza kulia kimya kimya. Fremu akapumua.

"Haya, semeni sasa," Breki akatuambia.

Hatukupata nafasi. Mama alikuwa amefuta machozi na macho yameganda kwenye ile nyembamba.

"Hii ya nani?"

"Yangu, mama."

"Inafanya nini?"

Fremu akatutazama. "Kwa leo imekaa tu."

Mama akaipakata magotini, akaweka kilemba sawa. "Nipige nayo. Hii ndiyo itangulie kwenye albamu ya wakwe."

Fremu akarudisha kadi, akainua kamera. Alipotaka kubonyeza, tukamwona Breki amesimama nyuma ya mama, anafunga vifungo vya shati.

"Kinyozi," akasema bila kugeuka, "sogeza hilo dude langu huko, lisije likatokea kwenye picha."