Turbo Yangu Ilipokwenda Kuposa

Jamani, leo nimeaibika. Siyo kidogo. Nimeaibika mpaka gari lenyewe likashindwa kuvumilia, likazima.

Nawaandikia kutoka kile chumba cha kompyuta kilichofunguliwa hapa Kyela mjini. Suruali ina tope hadi kiunoni. Mama mwenye kompyuta amenitandikia gazeti kwenye kiti kabla ya kuniruhusu kukaa. (Gazeti la leo, na bado hajalisoma. Kyala, Mungu wetu, ambariki.)

Mnakijua kigari changu. Kile cheupe cha Kijapani, kimeandikwa TURBO ubavuni kwa herufi kubwa kuliko namba za gari. Siku hizi magari ya mtumba yanamiminika, kila mwenye kakao ana pikapu. Lakini turbo? Kyela nzima ni mimi. Nimelipata kwa kuvusha sabuni na mafuta ya kula pale mpakani Songwe kwa baiskeli, jua langu, mvua yangu. (Maswali ya ushuru siyajibu hapa.)

Sasa mtu ukishapata turbo, huwezi kuiacha kama ilivyotoka kwa Wajapani. Lazima uongeze kitu. Shida ni kitu gani kianze. Nikaenda kwa fundi Ambakisye, mwenye gereji karibu na wauza ndizi.

"Fundi, nataka kuliongezea nguvu. Tuanze na nini?"

Akalizunguka. Akapiga tairi teke.

"Tuanze na hizi. Zina vipara kuliko wazee wa kanisa letu. Halafu breki. Halafu tumwage oili hii, maana turbo inataka oili safi."

"Fundi, tairi hazisikiki."

"Hazisikiki?"

"Umewahi kuona mtu anageuza shingo barabarani kuangalia breki?"

"Nimewahi kuona watu wanageuza shingo kumwangalia aliyezikosa."

Nikacheka. Nikachagua mwenyewe. Kwanza ekzosi, bomba pana kiasi kwamba kuku wa jirani alitaga humo siku mbili mfululizo. Ukiliwasha gari Itungi, Matema wanaanua dagaa wakidhani ni radi. Halafu valvu ya kupumulia: ukiachia mafuta tu, turbo inapiga chafya. Pshiii! Wamama sokoni wakawa wananiambia, "Afya, mwanangu!"

Na la tatu, ambalo nililipenda kuliko yote, ni bomba la hewa ya baridi. Turbo inakula hewa, na hewa ikiwa ya baridi injini inapata nguvu. Binamu yangu wa Mbeya ameweka lake juu, karibu na taa. Lakini Mbeya baridi ipo kila mahali, hata kitandani. Huku kwetu ni joto. Kwa hiyo nikafikiri. (Matatizo yangu yote huanzia hapo.) Nikasema, hewa ya baridi Kyela iko chini kabisa, ndiyo maana mbwa wanalala na matumbo ardhini. Bomba lishuke mpaka chini ya bampa! Ile ndoano ya mbele ya kuvutia gari ikawa inaziba njia. Tukaikata.

Fundi akachuchumaa akalitazama.

"Aliko, hili bomba limeinama kama mbuzi anayetafuta maji. Na hapa ni Kyela."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siku moja litayapata."

"Likiyapata si litapoa zaidi?"

Akaangalia juu, kwa Mungu nadhani. "Mimi nafunga tu," akasema. "Ukweni utakwenda wewe."

Maana alijua. Kila mtu alijua. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kumposa Tupokigwe.

Tupo wangu huyo ni wa upande wa Ipinda, njia ya kwenda Matema. Nimempenda tangu anauza mchele gulioni na mimi nanunua kilo mojamoja ili nirudi mara nyingi. Baba yake, mzee Asegelile, analima mpunga na kakao, na alikuwa amenikataa kabla hajaniona. Alikuwa amenisikia. Nilipita mara moja barabarani kwao, maziwa ya ng'ombe yakapungua wiki nzima. Akasema, "Mwanangu hataolewa na kelele." Tupo akalia, akabembeleza, mama yake akabembeleza, mwishowe mzee akakubali kuwapokea watu wetu. Mara moja tu. Wakimuudhi, basi.

Juzi Tupo akaniambia, "Aliko, nakuomba kitu kimoja. Uingie kwetu kimya."

"Kimya kabisa," nikamwahidi.

Asubuhi nikampakia tata, yaani baba yangu, siti ya nyuma. Tata amevaa koti lake la ubatizo, kofia kichwani, ameshika fimbo kama mkuu wa wilaya. Pembeni yake kifurushi cha zawadi: sukari, chumvi na kitenge kipya cha mama mkwe, chenye maua makubwa mekundu. Mshenga wetu, mzee Lugano, alikataa kupanda. Alisema anatangulia kwa baiskeli kwa sababu ana watoto wanaomtegemea.

Tukaondoka polepole. Nilikuwa nakanyaga mafuta kwa kidole gumba, hakyanani. Hata hivyo, kila nikiachia: pshiii!

"Mbona linapiga chafya?" tata akauliza.

"Ndiyo turbo hiyo, tata."

"Mngelipeleka zahanati kwanza."

Tukaipita Ipinda salama. Mvua ilinyesha usiku kucha, mnajua mvua yetu haina adabu, na pande zote mashamba ya mpunga yamejaa, watu wanalima kwa ng'ombe. Tulipokaribia kwa kina Tupo, barabara ikashuka bondeni na kupotea. Maji ya mashamba yamekatiza juu yake, ya rangi ya chai ya maziwa, upana wa kama nyumba mbili. Ng'ambo, mlangoni mwa mji wao, wamesimama: mzee Asegelile na mwavuli, mke wake, majirani, na mshenga wetu na baiskeli yake, mkavu kabisa. Wote wanatutazama.

Nikasimama.

"Zima hapa," tata akasema. "Nitavua viatu. Tutavuka kwa miguu kama watu."

Ushauri mzuri! Mtu mwenye akili angeufuata. Lakini nikamwona mzee Asegelile anamnong'oneza jirani, jirani anacheka. Moyo ukaniuma. Nikafikiri (naam, tena), gari hili nimelitolea jasho, leo nivuke na viatu mkononi kama sina kitu? Mwendo ndio daraja!

"Tata, jishike."

Nikakanyaga.

Enyi ndugu zangu! Ekzosi ikanguruma, ndege wa mpunga wakaruka wote, turbo ikaamka, mgongo ukanata kwenye kiti. Nikayaona maji yanakuja. Katikati ya mbio hizo nikapata akili ghafla, nikakanyaga breki. (Mnazikumbuka breki? Zile zisizosikika?) Gari likateleza kwa vile vipara vyake mpaka katikati ya maji, bomba likainamisha mdomo wake, likanywa.

Ko!

Basi. Hakuna chafya, hakuna ngurumo. Nyuma ekzosi ikatoa mapovu: blubu, blubu, blubu, kama kiboko anayejiuliza maswali. Maji yakaingia mlangoni taratibu, yakapanda mpaka kwenye viatu vya tata.

"Aliko."

"Naam, tata."

"Sasa limenyamaza."

Kutoka ng'ambo mzee Asegelile akaita, kwa sauti ya upole kabisa, "Mwanangu! Lilikuwa na kiu?"

Wakacheka mpaka waliokuwa wanalima wakaacha majembe. Mshenga wetu alicheka kuliko wote. Mshenga wetu! Tuliyemleta atutetee!

"Msihangaike," mzee akasema. "Tutawavuta. Tupo! Lete ng'ombe!"

Hapo ndipo nilipotamani kuzama. Tupo akatokea shambani, gauni la kulimia, tope magotini, mzuri kama sijui nini, anaswaga ng'ombe wawili, Chai na Maandazi. Akakanyaga maji. Akainua macho. Akamwona baba yangu dirishani.

"Yuuba, mama yangu!" akapiga ukelele, akajirusha nyuma ya Maandazi na kujifunika uso.

Kwa wale wasiotoka kwetu: mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Mkamwana akimwona mkwe anakatiza porini, akimsikia anakohoa anabadilisha njia. Na Tupo, kwa kuwa leo tumekuja kuposa, alikuwa ameshaanza kuishika heshima hiyo. Lakini Chai na Maandazi hawasikii sauti ya mtu mwingine. Jirani alijaribu kuwaswaga, Chai akamnyea mguuni. Bila Tupo hawaendi, na tata akiwepo Tupo haji.

Kikao kikafanyika majini. Tata atoke? Akitoka ndiyo ataonekana mzimamzima. Tupo afumbe macho? Ataanguka. Mwishowe mama mkwe mwenyewe akapiga kelele kutoka kavu:

"Mfunikeni!"

"Na nini?" nikauliza.

Hakukuwa na kitu kingine, jamani. Nikakifungua kifurushi. Nikamlaza baba yangu mzazi siti ya nyuma, koti la ubatizo, kofia kifuani, nikamfunika gubigubi kwa kitenge kipya cha mama mkwe. Maua mekundu kuanzia utosini hadi kwenye viatu.

"Aliko," sauti ikatoka chini ya maua, "ukipata mtoto, usimnunulie gari."

Tukafunga kamba. Kufunga wapi? Ndoano ya mbele hakuna, nimeikata ili hewa ipite! Iliyobaki ni ya nyuma. Kwa hiyo waliokuwa wanalima wakaja na kuligeuza gari kwa mikono humohumo majini, mmoja anauliza, "Hii turbo ndiyo kazi yake nini?" na mwenzake anamjibu, "Inaita watu."

Basi ndivyo nilivyoingia ukweni. Kinyumenyume. Ekzosi ikatangulia, imejaa tope, haisemi kitu. Mbele yake ng'ombe wawili, Tupo anawaimbia wimbo wa kulimia. Mimi kwenye usukani natazama kule nilikotoka, na nyuma yangu baba amelala kama maiti iliyovalishwa kwenda harusini. Majirani wakapiga vigelegele. Kitenge kilikuwa kinatikisika, nikadhani tata analia. Kumbe anacheka!

Tupo alipofungua kamba na kukimbilia jikoni, wazee wakaingia ndani, tata akiwa bado na kitenge begani. Mimi nikabaki nje, boneti wazi, nachomoa plagi, maji yanaruka kila tundu. Niliposikia kimya kimeingia ndani nikajua nimempoteza Tupo, na nimempoteza kwa sababu ya bomba. Machozi yakanitoka kidogo. (Kidogo, nimesema.)

Baadaye mzee Asegelile akatoka, akasimama karibu nami, akalitazama bomba limeinama pale chini ya bampa, linadondosha tone, tone.

"Kijana," akasema, "hii ni kazi ya nani?"

Ningeweza kumsingizia fundi. Mdomo ulishafunguka.

"Yangu, tata. Fundi alinikataza."

Akaguna. "Nimezaliwa hapa. Nimeona ng'ombe wakitoka upande wa mwanaume kuja kwetu kuleta mahari. Ng'ombe wetu kwenda kumleta mwanaume mwenyewe, leo ndiyo mara ya kwanza."

Nikaifuta plagi kwa shati.

"Baba yako nimempenda," akaendelea. "Mtu anayekubali kulala chini ya kitenge ili binti yangu asione haya, nyumba yake itamtunza. Wewe bado nakuangalia. Gari litabaki hapa. Lete ng'ombe wa kwanza wa mahari, uchukue gari lako. Ukichelewa, kuku wangu watalihamia."

Jamani, amekubali! Nikapiga magoti palepale kwenye tope. "Ndaga, tata! Ndaga fijo, asante sana!"

"Simama," akasema. "Na breki ununue."

Wakati wa kuondoka, Tupo akapita nyuma ya banda la kakao, kichwa amefunika asije akakutana na tata. Alikuwa anauma kanga asicheke, na macho mekundu, sijui kwa moshi wa jikoni au kwa ajili yangu. Akaninong'oneza, "Nilikuomba uingie kimya."

"Nisamehe, Tupo."

"Nikusamehe nini? Umeingia kimya."

Tata amebaki huko anakula wali. Mimi nimerudi mjini juu ya keria ya baiskeli ya mshenga, ambaye kila tukishuka mteremko alikuwa akifanya kwa mdomo: pshiii! Ndipo nikaja kuwaandikia, kabla hajawafikia yeye.

Sasa nawaomba msicheke. Wote mtaalikwa harusini, na atakayecheka nitampakia siti ya nyuma. Kitenge bado ninacho, mama mkwe amekikataa.