Kinyozi wa Kwaya Aliyepiga Simu Redioni

Leo nimeaibika, tena hewani, mkoa mzima ukisikiliza.

Redio moja ya hapa Sumbawanga imewauliza wasikilizaji: tuache bongo fleva, tupige nyimbo za injili tu? Jumapili mchungaji alituomba tupige simu tuunge mkono. Mimi, mwalimu wa kwaya, niliitikia amina kwa sauti kuliko wote. (Nimeishia darasa la saba, lakini kwa sababu ya kwaya mtaa mzima unaniita mwalimu. Heshima hiyo naipenda jamani, sifichi.)

Shida ni kwamba mimi pia ni kinyozi. Wateja wangu ni vijana wa bodaboda, na kinachowaleta saluni ni ile redio. Wakiwekewa mapambio kutwa nzima watahamia kwa jirani. Mungu nampenda, lakini mwenye fremu ninayopanga naye ananijua kila mwisho wa mwezi.

Asubuhi akaja Mzee Ambakisye, mzee wa kanisa letu, mtu wa Mbeya, mpole ila hasahau kitu. Nikampa shikamoo, nikaanza kumnyoa. Nimefika nusu ya kichwa, mtangazaji akafungua simu za wasikilizaji. Nikamwambia mzee naenda kuchukua maji, nikazunguka nyuma ya saluni, nikapiga. Ikapokelewa!

Nikajitambulisha kuwa ni Jofu, mvuvi wa Kasanga, kule ziwani. Nikasema sisi wavuvi tunataka muziki wa kuchangamka, mapambio yatatulaza mitumbwini. Nilikuwa naongea vizuri mno. Mtangazaji akauliza hali ya hewa huko ziwani.

"Baridi kali, ndugu yangu. Hapa nimevaa makoti mawili."

(Kasanga! Kule watu wanalala nje kwa joto. Baridi ni ya kwetu huku juu.) Mtangazaji akacheka mpaka akakohoa. Nikakata simu.

Kurudi ndani, mzee ametulia kitini, nusu ya kichwa nywele, nusu inang'aa. Ndipo nikakumbuka kuwa ukuta wa saluni yangu ni bati. Maneno yangu alikuwa ameyasikia mara mbili: kwanza nyuma ya bati, kisha redioni.

"Mwalimu," akasema taratibu, "piga tena. Sasa useme jina lako."

Nikapiga mbele yake. Nikataja jina langu, kanisa langu na cheo changu, nikasema injili ipigwe usiku na mchana.

"Jofu," mtangazaji akasema, "umeokoka saa ngapi?"

Nje vijana wa bodaboda wakaangua kicheko, mmoja akalalia tangi la pikipiki yake. Mzee hakucheka. Aliniambia nimalizie kichwa, akavaa kofia, akasema tuonane jioni mazoezini, na wazee wenzake watakuwepo.

Redio wamesema bado wanatafakari. Wazee wa kanisa wao wameshamaliza, wananisubiri mimi tu. Acheni kucheka, niombeeni.