Stima ya Kinanda cha Kwaya

Jumanne, 11 Machi 2025
Bahati imenijia! Adapta inayokipa stima kinanda cha kanisa imeungua. Mwalimu Nyakerario, anayefundisha kwaya yetu hapa Ikonge, aliuliza nani ataiokoa Sabato, maana wageni wanakuja. Alfayo, fundi wa redio kama mimi, akasema atanunua nyingine Kisii. Ati anunue! Nikasimama. Nikatangaza kwamba nitatengeneza mashine ya kutoa volti yoyote, kwa kuzungusha kitufe tu. Linet, bintiye mwalimu, akatabasamu. Posa yangu iko njiani.

Jumatano, 12 Machi
Transfoma, daiodi na kapasita nimezitoa kwenye sabufa iliyokufa. Regyuleta, kile kidude cha miguu mitatu kinachotuliza volti, nimenunua Kisii. Mbili. Muuzaji, Shueib, akanisihi nitazame mchoro kwanza: kwa aina hii, mguu wa katikati ndio unaotoa stima. Nikamwambia nina miaka saba katika kazi hii.
Nyumbani, moshi.
Imebaki moja.

Alhamisi, 13 Machi
Nimetazama mchoro. (Hakuna aliyeniona.) Mita inasoma volti ishirini. Nazungusha kitufe: ishirini. Nazungusha kinyume: ishirini! Alfayo alikuwa anapita, akachungulia, akasema waya wa kitufe haujashika. Nikamjibu nimeuacha hivyo makusudi. Alipoondoka tu, nikauchomelea. Moja na robo... tano... tisa... kumi na mbili! Nilicheka peke yangu. Regyuleta ikawa moto kama kaa, nikaifungia kipande cha kifuniko cha sufuria kipunguze joto. Mama bado anatafuta kifuniko.

Ijumaa, 14 Machi
Jua karibu kutua, Sabato inaingia. Volti tisa kamili, kama kinanda kinavyotaka. Nikachomeka kwenye kinanda mbele ya kwaya yote.
Kimya.
Nimeua kinanda cha kanisa! Jasho. Nyakerario akanitazama kama mtu aliyekula sadaka. Alfayo akainama, akaninong'oneza, "Ndugu yangu, hiki kinataka hasi katikati ya plagi, chanya nje. Umegeuza nyaya."
Nikazibadilisha. Taa ikawaka. Linet akabonyeza, kikalia! Nikaketi sakafuni. Asante Mungu! Wakauliza shida ilikuwa nini. Nikasema ni soketi ya ukutani. Alfayo akaitazama soketi, akatabasamu. Mtu wa ajabu.

Jumamosi, 15 Machi
Kinanda kimelia ibada nzima. Joto lilikuwepo, moshi hapana. Wageni walisema amina mara nyingi. Nyakerario akanikaribisha kwao. Obokima na chinsaga, ugali wa wimbi na mboga yake! Nilikula kama mtu aliyefunguliwa jela.

Jumapili, 16 Machi
Nyakerario ameniuliza kama naweza kutengeneza pia vipaza sauti vya kanisa. Nilisema naweza kabla hajamaliza swali. Alfayo akaomba tushirikiane. Nimemkubalia, kwa roho safi. Abebe vyombo na atazame. Ana mengi ya kujifunza kwangu.