Neno Moja katika Mafaili Sitini na Moja

Jumatatu, 4 Mei

Siku njema! Mkurugenzi wa maktaba katangaza kwamba Ijumaa atamteua Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta. Kitengoni tuko wawili tu. Mimi, miaka tisa kazini. Na binti mmoja ninayemwita Miwani, miezi saba. Sijisifu, naandika tu.

Silaha yangu ni hii. Hifadhidata yetu ina vyumba viwili, sisi mafundi tunaviita skima. Kimoja kinaitwa "maktaba", humo mna wasomaji wa kweli. Kingine "jaribio", humo mna watu wa kubuni, wa kuchezea. Majedwali ya ndani yana majina yale yale, kwa hiyo programu lazima iambiwe iingie chumba gani. Mimi nimeiambia katika kila faili la ramani, yaani yale mafaili yanayoionyesha programu kitu gani kinakaa jedwali gani. Moja moja, kwa mkono. Mafaili sitini na moja! Bila mimi hakuna anayegusa kitu.

Miwani kauliza kwa adabu kwa nini jina la skima lisiandikwe mara moja tu, kwenye faili la mipangilio. Nikamwambia ni mambo ya usalama. Akauliza usalama dhidi ya nani. Nikajifanya napigiwa simu.

Jumanne, 5 Mei

Jeuri gani hii! Miwani kachukua nakala ya programu, kafuta maneno yangu yote sitini na moja, kaweka mstari mmoja. Kaanza baada ya chai, kamaliza kabla ya chakula cha mchana. Mkurugenzi kachungulia, kasema safi sana. Mimi aliniambia safi mara moja tu, mwaka juzi, na alikuwa anazungumzia viatu.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Kasimamisha cherehani, kauliza kwani na mimi siwezi kufanya hivyo hivyo. Nikamwambia haya si mambo ya kupinda suruali. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea siku tatu na sasa yuko wiki ya tatu, akadakia kutoka kwenye kochi kwamba huyo binti anaonekana ana akili, tumwalike chakula.

Sikula.

Jumatano, 6 Mei

Nimepata! Ukitaka kunihujumu mimi, una mafaili sitini na moja ya kuhangaika nayo. Yeye ni neno moja tu! Saa ya chakula kaenda kunawa mikono, kompyuta kaiacha wazi. Nimefuta "maktaba", nimeandika "jaribio". Sekunde tisa. Ijumaa ataonyesha mbele ya Mkurugenzi watu wasiokuwepo duniani.

Nimerudi kitini nikipiga mluzi. Miwani kasema leo nina furaha. Nikamwambia ni hali ya hewa. Nje mvua ilikuwa inamwagika.

Alhamisi, 7 Mei

Mungu wangu. Nimekumbuka nani yumo kwenye "jaribio". Niliwajaza mwenyewe, siku moja nimekasirika. Watu kumi na wawili. Wa kwanza: Kifaru wa Ghorofani. Namba ya simu: ya Mkurugenzi. Wa pili: Redio Isiyozimwa. Namba: ya mama mkwe. Wa tatu simtaji, nalala naye chumba kimoja.

Kulirudisha neno kwenye kompyuta ya Miwani haikuwezekana. Leo hakubanduka kitini, hata chai kaletewa. Basi nikaamua kuwafuta hao kumi na wawili kwa programu yangu. Lakini programu yangu inaingia "maktaba", na neno hilo liko mahali sitini na moja! Nikaanza kubadilisha. Nilipofika katikati, mama mkwe kapiga simu kuuliza sukari iko wapi. Kabatini. Kabati gani. La juu. La juu lipi. Nikaendelea. Saa kumi na moja jioni nikabonyeza "futa wasomaji wote".

Programu ikajibu: wasomaji 38,412 wamefutwa.

Kumi na wawili, jamani! Walitakiwa wawe kumi na wawili! Kuna faili moja nililiruka. La wasomaji.

Nimeshuka kwa ngazi, nikaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 8 Mei

Asubuhi foleni imefika barabarani. Karani wa mapokezi karibu alie, kompyuta haimjui mtu yeyote. Mwalimu mstaafu, msomaji wetu tangu jengo halijaezekwa, anagonga meza kwa kadi yake akisema yeye yupo, wamtazame, yupo! Mkurugenzi katuita ukumbini. Miwani aonyeshe programu yake, labda yenyewe inawaona watu.

Ilikuwa inawaona. Kumi na wawili.

Skrini ni kubwa kama ukuta, lakini Mkurugenzi alikuwa ameinamia simu, anajibu malalamiko. Miwani akakunja uso, akataka kufungua mipangilio. Mkurugenzi akamkatiza: kwanza wasomaji wote watumiwe ujumbe wa kuomba radhi. Nikasimama, nikasema usitumwe. Mkurugenzi akasema kama mimi sitaki, basi utumwe. Miwani akautuma kwa programu yake.

Simu ikalia mkononi mwake. Akasoma kwa sauti, polepole:

"Ndugu Kifaru wa Ghorofani, tunaomba radhi kwa usumbufu."

Kisha ikalia yangu. Mama mkwe, anauliza Redio ni nani. Wote walimsikia. Sauti yake haihitaji spika.

Miwani akaifungua orodha nzima. Pembeni ya kila jina, kwenye safu ya aliyeandika, jina langu. Mara kumi na mbili.

Kabla ya saa sita alikuwa amelirekebisha neno lake moja na kuwarudisha wasomaji wote kutoka kwenye nakala ya akiba. Akanifuata, akaniambia taratibu: "Kaka, ungeniambia tu. Tungefanya pamoja."

Niliona aibu. Kama dakika nne hivi.

Jumatatu, 11 Mei

Miwani ndiye Mkuu. Mimi nimehamishiwa chumba cha kadi, chini kabisa, jirani na tangi la maji. Mkurugenzi kasema angenifukuza, ila mkewe kacheka siku mbili mfululizo na kamwomba aniache. Mama mkwe hanisemeshi, na kwa hasira kaamua kukaa hadi Desemba. Mke wangu naye kanuna. Nyumbani inayoongea ni cherehani.

Nimetafakari sana mwisho wa juma. Kosa langu nimeliona: sikuhesabu vizuri.

Bosi wangu mpya, mzee wa kadi, anastaafu mwezi ujao, na cheo chake hakina mwenyewe. Kuna dada wa pale dirishani anakitamani, nimemwona. Na hii mashine ya kadi, kumbe nayo ina faili lake la mipangilio! Mstari mmoja tu ndio unaoamua picha ya nani ichapwe kwenye kadi ya nani.

Nimempelekea mzee chai. Nimemwambia anyooshe miguu kidogo, mashine nitamwangalizia mimi.