Barafu ya Mzee Bulaimu

Jumanne, 2 Machi 1954, Kasongo

Tajiri amepanda lori kwenda Kabambare, atarudi wiki ijayo. Ameniachia duka zima na frigo yake mpya. Kabati jeupe, chini yake taa ya petroli, mafuta yale yale ya taa za nyumbani, na moto wa taa hiyo ndio unaotia baridi ndani. Usiniulize namna gani. Masharti: moto uwe mdogo, wa buluu. Masizi yafutwe. Petroli isiongezwe kabla ya kuzima. Ubahili mtupu!

Jioni kwa mzee Bulaimu. Ijumaa anamwoza binti yake mkubwa, Nuru. Mimi namtaka mdogo wake, Faida. Kwa bahati mbaya Alimasi naye anamtaka, na nilimkuta pale akiahidi taa ya pompa ya kuangaza uwanja mzima. Nikakohoa. Nikasema mimi nitaleta barafu ya kutia katika maji ya ndimu. Mzee akaacha kutafuna. Hajawahi kuonja barafu. Akasema kijana atakayeipamba harusi hii, posa yake itasikilizwa. Alimasi alinitazama kana kwamba nimemwibia kuku. Nimerudi nikiimba.

Jumatano, 3 Machi

Nimetumia akili. Moto mdogo, baridi kidogo. Basi moto mkubwa, barafu! Nimepandisha utambi. Mchana nikapima kwa kidole maji niliyotia ndani kwa kibati: vuguvugu, ya kunyolea ndevu. Maana yake moto bado hautoshi. Nimepandisha tena.

Alhamisi, 4 Machi

Msiba. Duka limekuwa jeusi. Masizi juu ya sukari, juu ya vitambaa vya amerikani, juu ya paka wa tajiri. Petroli ya wiki nzima imekwisha, na pipa la dukani ni tupu mpaka lori lirudi. Nilimimina matone ya mwisho bila kuzima, ili nisipoteze njiti ya kiberiti. Nyusi ya kushoto imekwenda.

Nimesugua frigo yote ili tajiri asijue, hata bomba la moshi, kwa unyoya wa kuku. Kisha kwa Alimasi. Nikamweleza kirafiki kwamba taa ya pompa ikijazwa sana inakuwa kipofu. Nusu inatosha, mradi apige pompa kwa nguvu. Alinishukuru. Nusu ya pili nimemsaidia kuibeba, mpaka dukani kwangu.

Lakini ni chupa moja tu! Imenibidi kuibania: moto mdogo mno, wa buluu, wa kusikitisha. Hautafanya kitu. Kwaheri Faida. Sikula.

Ijumaa, 5 Machi

BARAFU! Kibati kizima, kigumu, kimenishika kidole. Nimecheza peke yangu dukani. Nimeifunga kwa gunia na maranda ya mbao, nimejichorea nyusi kwa masizi, nikaondoka mbio.

Jua halina adabu. Nilipofungua gunia harusini, usiku umekwisha kuingia, kilibaki kipande cha ukubwa wa yai la njiwa. Nilitaka kulia. Papo hapo, katikati ya wimbo, taa ya Alimasi ikazimika. Giza. Nikakitia kile kipande katika kiganja cha bibi aliyekuwa karibu. Akapiga kelele: "Hii kitu iko inachoma!" Akamrushia jirani. Jirani akapiga kelele akapitisha. Uwanja mzima ukawa kilio na kicheko, kila mtu anataka kuchomwa. Kilipomfikia mzee Bulaimu kilikuwa maji. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Gizani Faida akaninong'oneza: "Amuri, weye iko na wazimu." Alikuwa anacheka! Sijapata furaha kama hii.

Jumamosi, 6 Machi

Mzee ameleta habari. Posa nipeleke Jumatatu. Sharti moja: nije na barafu yake mwenyewe, nzima, kwani jana aliambulia kiganja chenye maji. Alimasi, nasikia, bado anapiga pompa.

Nimechunguza sababu ya ushindi wangu. Iko wazi: moto mkubwa wa Jumatano ulichelewa njiani, ukafika Ijumaa. Ajabu nyingine, chupa ya Alimasi haijapungua hata robo. Petroli nzuri ile.

Mkwe hapewi yai la njiwa. Nimepandisha utambi mpaka mwisho wake. Harufu imeanza kutoka, nzito, inanitoa machozi. Ndiyo barafu inakuja.