Hotuba ya Kuzindua Lambo la Kuzalisha Simbi

Mwabujiku, njia ya Samuye. Jumamosi, 14 Agosti 1976. Msemaji ni Ndugu Marcelino Kamili, Mratibu wa Kanda wa Michezo ya Jadi na Mazao ya Majini. Mkutano ulifanyika uwanja wa kupuria mtama. Msemaji alishika usinga mpya wa mkia wa ng'ombe, ambao mpini wake umeshonewa simbi, yale magamba madogo ya konokono wa baharini, kuanzia juu hadi chini.

Ndugu Jilala, Mwenyekiti wa Kijiji; Ndugu Katibu wa Mwenyekiti; Ndugu Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, na Ndugu Wajumbe wa Kamati Ndogo iliyoiandaa Kamati ya Maandalizi; Ndugu Mwalimu Mkuu pamoja na bendi yako, ambayo naambiwa ngoma yake imepasuka; Ndugu Dereva wangu; wazee wa mila na wazee wengineo; akina mama, ambao ndio injini ya mradi huu; na ninyi watoto mlioketi mbele, ambao ni taifa la kesho na kwa hiyo leo mnyamaze: nawasalimu kwa ujumla wenu na kwa umoja wenu. (Makofi. Yanaanza kwa Mwenyekiti Jilala na kuishia kwa dereva.)

Kabla sijaingia katika kiini cha dhamira ya madhumuni ya mkutano huu, tupashe moto. Nikisema "Simbi", mtajibu "Zizae". Simbi. (Watoto: Zizae. Akina mama wako kimya.) Akina mama wamechoka kwa kazi za ujenzi wa taifa, naelewa.

Ndugu wananchi, nilipofika hapa mwaka jana katika ziara ya kujionea, niliwakuta akina mama wa kijiji hiki wamekaa juu ya ngozi ya ng'ombe, mtama umeshapurwa, wanacheza mchezo wa simbi. Mama anazikusanya kiganjani, anazirusha, na zile zinazoangukia mgongo zikaonyesha mdomo anajihesabia yeye. Anayeshindwa anakwenda kumsagia mwenzake unga. Nilisimama, nikatafakari kitaalamu, nikauliza: je, kaya ngapi zina simbi za kutosha? Nikajibiwa kwamba kaya nyingi zina chache, na nyingine zinaazima kwa jirani na kuzirudisha kabla jua halijazama. Hapo, ndugu zangu, niligundua pengo. Hapa hapakuwa na tatizo la mchezo. Hapa palikuwa na tatizo la uzalishaji. (Mwenyekiti Jilala anapiga makofi peke yake, kisha anaacha.)

Ofisi yangu haikukurupuka. Tuliunda jopo. Jopo lilifanya safari ya mafunzo ziwani, upande wa Geita, ambako mimi mwenyewe, kwa macho haya, niliona konokono wakizaana majini bila mbolea, bila dawa na bila bwana shamba. Tukakokotoa. Ng'ombe huzaa ndama mmoja kwa mwaka. Kuku hutotoa vifaranga kumi. Simbi, kwa kuwa ni mdogo kuliko ng'ombe na ni mgumu kuliko kuku, tukamwekea wastani. Kwa hesabu hiyo, ifikapo mwisho wa mpango wetu, kila mwananchi wa mkoa huu, akiwamo mtoto mchanga, atakuwa na debe mbili za simbi, na ziada tutawauzia watu wa pwani, ambao kwa muda mrefu wametunyonya katika sekta hii. (Vicheko nyuma. Msemaji anapunga usinga kuwashukuru. Simbi zinalia mpinini.)

Ndiyo maana nilipitisha agizo, na ninyi mkaitikia kwa asilimia mia moja na kumi, kwamba kila mama atoe simbi zake zote ziwe mbegu. (Mama Limi, mjane, anasimama safu ya pili. Anamwamkia msemaji shikamoo, ingawa msemaji ndiye mdogo kwa umri, na kusema kwamba ameshakwenda ofisini kwake mara kadhaa bila kumkuta. Simbi alizotoa ni za bintiye Limi, anayeolewa upande wa Kahama Jumamosi ijayo.)

Marahaba, mama, hongera kwa harusi, kaa. Maswali yatakuja kwenye kipengele cha maswali, ambacho kwa ufinyu wa muda tumekifuta.

(Mama Limi hakai. Anaeleza kwamba kule anakokwenda Limi, asubuhi ya kwanza wanawake wa ukweni watatandika ngozi. Bibi harusi hutoa simbi za kwao, akarusha, na kuanzia hapo ni mwenzao. Asiyekuja nazo anaketishwa pembeni ya ngozi, anaitwa mgeni, na atabaki mgeni hata akizaa watoto wanne.)

Mama, hiyo ndiyo fikra duni ninayoizungumzia katika ukurasa wangu wa sita. Hutaki kusubiri zizae? Bintiyo ataondoka na simbi chache za kizamani, wakati angevumilia kidogo angeondoka na debe mbili za kisasa.

(Mama Limi: "Babu yangu alibeba mizigo ya watu kwa miguu mpaka baharini ndipo akazileta. Alizikuta zimekufa. Kilichokufa kinazaa nini, baba?")

(Kicheko kirefu. Mwalimu Mkuu anainamisha uso. Msemaji anakunywa maji.)

Nashukuru kwa mchango huo, ambao ni wa kihisia zaidi kuliko wa kitaalamu. Suala la uhai wa simbi liko chini ya uchunguzi, na tumeliundia kamati. Tusirudishwe nyuma. Mimi ninayesimama hapa ndiye niliyelala njiani gari lilipokwama matopeni, ndiye niliyekula viazi vikavu siku nzima kwa ajili yenu, na sijawahi kusikia hata mmoja wenu akiniuliza: Mratibu, umelalaje?

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyokabidhiwa, natamka rasmi kwamba Lambo la Kuzalisha Simbi la Mwabujiku limefunguliwa. (Makofi hafifu. Watu wanatazama kulia na kushoto.)

Sasa shukrani. Namshukuru Mwenyekiti Jilala kwa kutupatia uwanja huu mkavu, ambapo ndipo lambo litakuwa, Mungu akipenda na majembe yakipatikana, kwani wachimbaji hawajateuliwa na mahali pa kuchukua maji hapajapimwa. Na kwa namna ya pekee namshukuru Ndugu Ngassa, fundi wa ngozi, ambaye alipoona mbegu zimekaa bure kwenye mfuko ofisini kwangu, alijitolea kuzishona katika usinga huu, ili zisipotee na ili Mratibu wenu aonekane kama Mratibu.

(Mama Limi anatembea mpaka meza ya msemaji. Anaushika mpini wa usinga, anaugeuza, anaonyesha simbi zenye alama ya moto ya nyumba yake mgongoni. Anasema: "Hizi." Akina mama wengine wanainuka na kumfuata, mmoja anatandika ngozi mbele ya meza.)

Akina mama, itifaki. Tumalizie kwa kaulimbiu. Simbi.

(Wote, pamoja na watoto: "Zirudi.")

Simbi.

("Zirudi." Safari hii na dereva.)

(Mwenyekiti Jilala anatoa mfukoni kisu cha kukatia tumbaku na kumkabidhi Mama Limi bila kumtazama msemaji. Mama Limi anaanza kukata uzi.)

Asanteni kwa kunisikiliza. Ndugu Ngassa, hebu njoo umshikie mama mpini, asije akakata na mkia. Mkia ni mali ya ofisi.